Mzee wa Waya

Mara ya kwanza jirani yangu kubisha mlango wangu, alikuja kunishitaki kwangu mimi mwenyewe. Nilikuwa nimehamia Kamembe, mpakani na Congo, wiki ile ile, nimeweka cherehani yangu ya umeme karibu na dirisha, na tangu alfajiri nilikuwa nashona sare za shule bila kupumzika. Nilipofungua nikamkuta mwanamume mrefu, mkongwe, kofia mkononi, na koti la kazi lenye mfuko uliojaa kalamu.

"Maman, karibu mu quartier," akasema. "Lakini mashini yako inakulaka Japoni yangu."

Nilidhani amelewa. Saa kumi na mbili asubuhi! Nikamwambia kama ana kitu kilicholiwa, aende kuuliza kwa watu wenye mbuzi. Hakukasirika. Alininyooshea kidole waya mwembamba wa shaba uliotoka kwenye paa lake, ukapita juu ya paa langu, ukaishia kwenye mti wa parachichi nyuma ya choo. Akanieleza kwa upole kwamba mota ya cherehani hutoa kelele ambayo mtu haisikii lakini radio inaisikia, na kwamba kelele yangu ilikuwa imekiangukia kituo cha Japani dakika chache kabla hakijataja jina lake.

"Nimekingoja siku tisa," akasema.

Nikamfungia mlango. Kesho yake akarudi anasukuma toroli, na ndani ya toroli kuna cherehani ya kukanyaga, ya zamani, iliyokuwa ya marehemu mke wake. Akaniomba niitumie alfajiri na magharibi tu. Saa nyingine zote niwashe mota mpaka ichoke yenyewe. Mimi ni mtu wa hasira za haraka, lakini cherehani ile ilikuwa imepakwa mafuta, na mkanda wake ulikuwa mpya. Nilikubali, na nimekuwa nikikanyaga alfajiri na magharibi tangu siku hiyo.

Mtaa mzima ulimwita Mzee wa Waya. Yeye aliniita Maman Mashini.

Kwa nini saa hizo mbili? Nilimwuliza siku nilipopanda kwake kulalamika kwamba mguu unaniuma. Badala ya kunijibu alinivalisha ekuteri zake, zile kubwa za kuvaa kichwani, akazungusha kitufe taratibu kama mtu anayefungua kufuli la mwenzake. Nilisikia mchemko tu, kama mafuta ya kukaangia. Halafu ndani ya mchemko ule ikatoka sauti ya mwanamume, anasoma kitu kwa lugha ambayo sijawahi kuisikia, bila haraka, na nyuma yake mtu mwingine akakohoa.

"Huyu muntu iko wapi?" nikauliza.

"Mbali sana. Kule jua njo linaingia sasa. Hapa linatoka. Sauti inapita mu katikati, pale mwangaza na giza binagusana. Dakika chache tu, kisha mulango unafungwa."

Nimekulia Bukavu, nyumba ambayo radio haikuzimwa hata siku ya msiba. Lakini ile ilikuwa radio ya mlima wa jirani, mtu anaongea kutoka hapo ng'ambo na kesho unaweza kumkuta sokoni. Hii ilikuwa kitu kingine. Mtu wa upande wa pili wa dunia alikuwa amekohoa, na nilimsikia akikohoa, kupitia waya uliofungwa kwenye mti wa parachichi wa Kamembe. Sioni aibu kusema kwamba machozi yalinilenga, na mguu haukuniuma tena asubuhi ile.

Chumba chake kilikuwa na meza, kitanda, radio mbili, moja ya kusikiliza na moja ya kutoa vipuri, na saa mbili ukutani. Ya kushoto ilikuwa saa yetu. Ya kulia aliiita saa ya dunia, ile ambayo vituo vyote huitumia, nayo iko nyuma yetu kwa saa mbili. Mimi ndiye niliyeumizwa na saa hiyo. Nilikuwa nimekaa kwake nikimalizia kupiga pindo gauni la harusi, huku nikitazama ukuta na kujipongeza kwamba nimewahi. Nilikuwa natazama ya kulia. Bi harusi alinitukana kwa lugha tatu. Nilipokwenda kumlipukia Mzee, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akachukua kalamu na kuandika chini ya saa ile, kwa herufi kubwa: SI YA HARUSI.

Umeme ukikatika, mtaa mzima hupiga kelele ya masikitiko. Yeye alitoka nje akiwa amenyanyua mikono. "Courant imeenda! Mungu iko!" Radio yake ilitumia betri, na kukiwa na giza hakuna mota, hakuna chaja ya simu, hakuna zile balbu za kisasa alizozichukia kuliko dhambi. Watoto walijifunza kumpigia makofi. Nilimwambia siku moja mtaa utampiga kwa mawe, akasema wacha bapige, lakini babadilishe kwanza zile balbu.

Kuna mtu aliyekwenda kumnong'oneza mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu, kwamba Mzee anazungumza na watu wa ng'ambo kwa waya. Mkuu alikuja jioni moja, uso umekunjwa, daftari kwapani. Mzee akampa kiti na ekuteri. Mke wa mkuu ndiye aliyekuja kumfuata baadaye, chakula kimepoa, akamkuta mumewe amefumba macho anasikiliza mtu akitangaza hali ya bahari ambayo hakuna meli ya ziwa letu itakayoifikia. Tangu hapo hatukusikia neno tena juu ya waya. Ila mkuu alikuwa akipita alfajiri, "kukagua usalama", na ukaguzi ulimchukua muda.

Usidhani alikuwa mtu wa kusafiri. Hapana. Alijua kimbunga kinapoelekea katika bahari ya mbali, lakini jirani wa nyuma alijifungua mapacha na yeye akaja kujua walipoanza kutambaa kuelekea kwenye mti wa waya. Aliogopa maji. Bukavu tunaiona kutoka mlangoni, ng'ambo ya ziwa, taa zake na mabati yake, na wengi wetu tuna ndugu kule, lakini yeye hakupanda mtumbwi hata siku moja. Alishuka kwa miguu mpaka daraja la mpakani, liitwalo Rusizi ya Pili, akavuka, akanunua betri, akarudi. Kigali alifika mara moja akasema kuna balbu nyingi.

Mjukuu wake alimletea simu, akamwonyesha kwamba vituo vyote hivyo vinapatikana humo ndani, safi, bila mchemko. Mzee aliisikiliza kwa adabu, akairudisha.

"Ile ni kuletewa," akaniambia baadaye. "Miye natafutaka."

Kazi yake ya maisha ilikuwa kupima majani ya chai, kwanza upande wa Congo, kisha upande huu. Wachumaji walileta vikapu, yeye akaning'iniza kwenye mizani, akaandika. Na usikilizaji wake ulikuwa kazi ile ile. Kila kituo alichokisikia alikiandika kwenye daftari: tarehe, saa ya dunia, wimbi, nguvu ya sauti, na kilichosemwa. Kisha alikiandikia kituo chenyewe barua, kwamba siku fulani dakika fulani mlicheza wimbo wa filimbi, mtangazaji alikuwa mwanamke, akapiga chafya. Kituo kikiona ni kweli, kinamtumia kadi ya kuthibitisha kwamba alikisikia. Kadi zilifika kwa sanduku la posta la parokia. Alikuwa nazo pipa zima la bati la chai: Romania, Japani, Cuba, India, zenye picha za milima na minara na ndege nisiowajua. Kuzishika kadi zile kulinipa kicho, nikafuta mikono kwenye gauni kwanza. Watu wa huko walikuwa wameandika, kwa mkono, jina la Cyangugu, mji wetu.

Kadi moja aliirudisha. Aligundua, miezi baadaye, kwamba kituo alichokiandikia kilikuwa kimerushiwa matangazo na kituo kingine cha karibu zaidi, kwa hiyo hakukisikia kutoka mbali kama alivyodhani. Hakuna aliyemwuliza. Hakuna ambaye angejua. Alinunua stempu, akairudisha na barua ya kuomba radhi. Nilimwambia hapo amezidi.

Ndipo aliponisimulia habari ya mizani. Zamani, kwenye banda la chai, aligundua kwamba ndoano ya mizani imepinda, na kila kikapu kilikuwa kinasomeka chepesi kuliko kilivyo. Msimamizi akamwambia irekebishe, anza upya kesho, ya nyuma yasahau. Usiku ule ule alirudi kwenye daftari la banda na mbele ya kila mstari wa wiki ile akaandika kwa wino mwekundu: mizani mbovu. Wachumaji wakaona. Msimamizi naye akaona, na hakumpenda tena.

"Muzani inaweza kukosea, Maman Mashini, ni chuma tu. Lakini mupimaji akijua, na ananyamaza?"

Sikujua kwamba swali lile lingenirudia.

Katika madaftari yake yote kulikuwa na mstari mmoja usio na jina. Alfajiri moja, akiwa bado anaishi ng'ambo, alisikia kwaya. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, bila ngoma, bila kinanda, sauti zinapanda na kushuka pamoja. Kisha mwanamume akasema neno moja, mlango ukafungwa. Aliandika kila kitu ila jina la kituo, na nafasi ile akaiacha wazi. Miaka yote, alfajiri yake ilianzia hapo, kwenye wimbi lile, dakika kumi, kabla ya kutafuta kitu kingine. Alipoisimulia kwaya ile alikuwa anapunguza sauti.

Basi vituo vikaanza kufungwa. Hilo lilikuwa kweli, barua zilifika: tunawashukuru wasikilizaji wetu, sasa tunapatikana kwenye mtandao. Mzee alizisoma kama taarifa za misiba. Mbele ya jina la kituo aliandika: kimefungwa. Kwanza kimoja, kisha viwili. Halafu vikaja kwa wingi, bila barua.

"Beko banafunga bote," aliniambia. "Hata kuaga habaage tena."

Asubuhi moja, kwa haraka ya kumalizia sare, nilijisahau nikawasha mota. Nilishona saa nzima. Nilipokumbuka, moyo ulinipasuka, nikasubiri mbisho mlangoni. Hakuja. Nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani ameanza kunizoea. Siku ya pili nilifanya makusudi. Hakuja.

Nikapanda kwake jioni na sahani ya viazi vitamu. Alikuwa amevua ekuteri, ameziweka mezani, anaandika. Nilikuwa bado mlangoni, na nikasikia, kutoka kwenye ekuteri pale mezani, mwanamke anasoma habari kwa Kifaransa, neno kwa neno, kwa nguvu ya kuweza kuamsha mtoto. Nikatazama daftari. Alikuwa anaandika kimefungwa.

Nilisimama na sahani yangu. Mtu huyu, aliyerudisha kadi kwa ukweli wa nusu, alikuwa anaandika uongo kila siku bila kujua, na mimi ndiye niliyeujua. Ningeweza kusema palepale. Niliweka viazi mezani nikasema, "Pole, Mzee." Niliogopa. Niliona kwamba nikimwambia masikio yake yamekufa, nitakuwa nimemwua. Afadhali dunia ndiyo iwe imefunga, nikajiambia, kuliko yeye. Nilinyamaza kwa majuma mengi, na kila asubuhi nilipokanyaga ile cherehani ya mke wake nilisikia swali la mizani.

Alfajiri moja mwaka huu alikuja mwenyewe. Hakuvaa koti la kalamu.

"Niazime makasi," akasema.

"Ya nini?"

Alitazama midomo yangu kabla ya kujibu. "Ya kukata ile waya. Shaba yake nitapatia fundi. Nitasikiliza nini tena? Dunia imefunga mulango, Maman."

Jibu langu la kwanza lilikuwa la fundi cherehani, Mungu anisamehe. "Makasi ya kitambaa haikatake waya!" Kisha nikaona uso wake. Nikamshika mkono, nikampandisha kwake kwa nguvu, mkasi umebaki kwangu mezani. Nikamkalisha kwenye kiti chake, nikavaa ekuteri, nikatafuta wimbi la yule mwanamke wa Kifaransa, jinsi nilivyomwona akifanya miaka yote. Alikuwapo, wazi kabisa.

"Mzee," nikasema karibu na sikio lake, kwa sauti kubwa, "hakijafungwa. Nakisikia. Ni masikio yako."

Alilisukuma daftari pembeni. "Usinionee huruma."

"Siko nakuonea huruma. Niko namusikia!"

"Unasikia, ao unasema tu?"

Alikuwa mpimaji. Alitaka kitu ambacho siwezi kukitunga. Nikaangalia saa ya kushoto: ilikaribia kumi na mbili kamili, na kituo kile, kila saa inapotimia, hupiga milio sita, mitano mifupi na mmoja mrefu. Nikageuka, nikaupa ukuta mgongo ili nisione saa yoyote. Nikaweka kidole juu ya mkono wake. Nikamwambia atazame mshale wa sekunde wa saa yake ya dunia.

Mwanamke akanyamaza. Nikapiga mkono wake kwa kidole: moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Pigo la sita nikalikandamiza.

Aliuvuta mkono wake kutoka chini ya kidole changu. Sikuthubutu kugeuka. Nilidhani nimemvunja.

"Juu ya kumi na mbili," akasema. "La sita limeanguka na mushale juu ya namba kumi na mbili kabisa."

Nikageuka. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka shingoni, na alikuwa anacheka.

"Kumbe njo miye," akasema. "Maman, kumbe njo miye tu! Bo bote bako!"

Nimeshona nguo za harusi za nusu ya Kamembe, na sijawahi kuona furaha kama ile. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Mimi niliyekuwa nimemficha habari ile kwa kumhurumia, nilikuwa nimemwacha majuma yote yale kwenye dunia iliyokufa, kumbe aliweza kuipoteza sauti yote ilimradi watu wale wawepo wanaongea. Nilimwambia hivyo, kwamba nilijua na nikanyamaza. Alisikia nusu yake, nadhani, lakini nusu iliyotosha.

"Ulinyamaza?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

Akanyoosha kidole kwenye ekuteri. "Basi utafanya kazi ya masikio yangu."

Akatoa madaftari. Tulianza na vituo vya saa ile, vingine tukavingojea saa zao, asubuhi, jioni, na siku zilizofuata. Mimi masikioni, yeye na kalamu nyekundu. Cha Romania? Kipo, wanacheza fidla. "Kiko hai!" Cha India? Kipo, mwanamume anacheka. "Kiko hai!" Vingine vilikuwa kimya kweli, na nikamwambia kimya, naye akaacha neno lake kama lilivyo. Lakini mbele ya kila kituo kilichokuwa hai, kando ya neno kimefungwa, aliandika kwa mwandiko ule wa banda la chai: mizani mbovu. Aliliandika polepole, bila aibu, mstari kwa mstari. Tulipofika mwisho wa daftari alilifunga, akalipiga kofi dogo kama mtu anayempongeza mtoto.

Waya bado upo. Mapacha wa nyuma sasa wanautundikia nguo pale mtini, na hakuna anayewagombeza isipokuwa mimi.

Juzi alfajiri nilipanda kwake kabla hakujapambazuka vizuri. Nilimkuta ameshavaa koti la kalamu, amekaa kwenye kiti chake mbele ya radio, mikono mapajani.

"Maman Mashini," akasema, "weye umejinyima miaka. Sasa washa mota yako asubuhi. Miye siko nasikia kitu tena, haitanisumbua."

Nikainama sikioni mwake. "Apana, Mzee. Itanisumbua miye. Saa hii nataka kutafuta ile kwaya."

Alifungua daftari la zamani kwenye mstari usio na jina, akaliweka mezani pamoja na kalamu. Kisha akainuka, akanipisha kwenye kiti chake.